Mkaguzi wa Hattie

Tunkery, Pennsylvania
3 Septemba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dale anasema alikuona kwenye maonyesho ya kilimo unatembelea fimbo, ukamkataza asiniambie. Basi ameniambia, maana mume wangu hajui kutunza siri hata ya keki. Sisi huku wazima. Mahindi yamekomaa, ng'ombe wanakamuliwa, Hattie kaota jino jipya.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kupigiana kelele. Kaa chini kwanza. Nimemtoa Hattie shuleni. Mwaka huu atasomea hapa nyumbani, na mwalimu wake ni mimi.

Usianze kuguna kabla hujamaliza kusoma. Mjukuu wako unamjua kwa kupiga domo. Akianza habari za kuku wake, chai yako itapoa mezani. Lakini tangu Machi hajaandika hata mstari mmoja. Alirudishiwa karatasi imesahihishwa mpaka jina lake halionekani, na tangu siku hiyo akishika penseli anaitafuna tu. Ana miaka tisa, Mama. Sikubali.

Sheria ya jimbo unaijua. Ikifika Juni, mwalimu mwenye cheti akae na mtoto, apitie jalada la kazi zake za mwaka, kisha atie saini kwamba mtoto anaelimika. Bila saini hiyo ofisi ya elimu itaanza kuniandama, na mwisho wake Hattie atarudi kwenye dawati lilelile. Wewe cheti unacho, na miaka thelathini na minane ya chaki. Nataka wewe ndiye uwe mkaguzi wake.

Kitabu cha sarufi na utungaji nitachagua mimi. Nimeshapata kimoja kwenye maonyesho ya vitabu ya wazazi wanaosomesha nyumbani, kina nyimbo za nomino na vitenzi. Usinitumie kile chako cha bluu.

Mwanao,
Rhoda

---

Harlan Mills
11 Septemba

Mwanangu Rhoda,

Marahaba. Goti ni langu, na fimbo ni ya kufukuzia mbwa wa jirani. Mwambie Dale mdomo wake nitaushona. Matunda ya pichi nimeshayatia mitungini, mitungi kumi na minane. Minne ni ya Hattie.

Umemtoa mtoto shuleni bila kuniuliza. Mimi mama yako, mwalimu, nasikia mambo kama mtu baki! Haya, maji yakimwagika hayazoleki. Nitakuwa mkaguzi wake. Ila nakuambia mapema: sitakagua kwa macho ya bibi. Nitakagua kama nilivyowakagua watoto wa watu.

Nyimbo za nomino? Loo! Kile cha bluu kimo kwenye kifurushi hiki hiki, kifungue. Mtoto anachukua sentensi, anaichora kwa mistari, kila neno linakaa kwenye tawi lake, na akimaliza anajua nani kafanya nini. Samaki mkunje angali mbichi. Na wewe nawe usije ukaanza kuhangaika na vitabu, leo hiki, kesho kile. Mchagua jembe si mkulima.

Mbusu Hattie. Mwambie anijibu kwa mkono wake.

Mama yako

---

Tunkery
20 Novemba

Mama,

Shikamoo. Theluji ya kwanza imeanguka Jumanne. Hujambo? Dale ana mafua na anakufa, kama kawaida ya wanaume. Hattie mzima, anashukuru kwa pichi. Ameshukuru kwa mdomo.

Sasa cheka, nakupa ruhusa. Nyimbo za nomino tulizitupa wiki ya tatu, maana hata ng'ombe walianza kuzichoka. Nikaagiza kitabu cha pili, kile kinachosema mtoto atatunga aya kamili kwa siku mia. Siku ya tisa Hattie aliingia chini ya meza na kitabu akakiacha juu. Nikaenda kwenye mnada wa vitabu vilivyotumika, ukumbi wa chini kanisani, akina mama tunasukumana kama watu wa mgao. Nikanyakua kimoja kikubwa kutoka mkononi mwa mke wa mchungaji. Nafika nyumbani, nafungua, kumbe ni kitabu cha mwalimu peke yake. Nimenunua majibu, maswali hakuna! Kurasa mia tatu za majibu. Mke wa mchungaji aliniona nikitabasamu kwa ushindi, akaniacha niende kulipa.

Ndiyo, na cha bluu nilikifungua. Sikuwa nimekusudia. Tulichora mistari siku nne. Siku ya tano aliniuliza, "Mama, hii sentensi nani aliisema?" Nikamwambia hakuna aliyeisema, ni mfano. Akasema, "Kama hakuna aliyeisema, kwa nini tunaihangaikia?" Wewe ungemjibuje?

Basi nimechagua, Mama, na nilichochagua si kitabu. Kila asubuhi baada ya kulisha kuku, Hattie anakaa karibu na jiko ananisimulia jambo, na mimi naandika neno kwa neno, siongezi, sipunguzi. Kisha namsomea. Kisha anachagua sentensi moja ya kwake mwenyewe, anainakili. Moja tu. Wiki iliyopita alinakili bila kutafuna penseli. Jalada la Juni litakuwa na hayo masimulizi, na sitaomba radhi kwa mtu.

Mwanao,
Rhoda

---

Harlan Mills
2 Desemba

Rhoda,

Mimi sijambo. Dale achemshiwe supu ya kuku na anyamaze.

Nimesoma barua yako mara mbili. Ya mnada nilicheka, sikatai. Yaliyobaki hayakunichekesha. Unachofanya wewe si kumfundisha mtoto kuandika, ni kumwandikia. Anaongea, wewe unapanga, unatia nukta, unanyoosha, halafu yeye ananakili sentensi moja na unapiga vigelegele. Nimewaona wazazi wa namna hii miaka yote ile. Kazi ya nyumbani inakuja safi, mwandiko wa mtoto, akili ya mama.

Juni nitaangalia kilichotoka kwa Hattie. Nikikuta ni maneno yako sitatia saini. Jina langu sijawahi kuliweka kwenye uongo, na sitaanza kwa sababu aliyeniomba nilimzaa mimi. Hata ukianza Januari bado hujachelewa. Mrudishe kwenye kitabu.

Mama yako

---

Tunkery
9 Machi

Mama,

Shikamoo. Najua Krismasi imepita na sikuandika. Najua ulipiga simu mara mbili na nilimpa Dale azungumze. Natumaini goti halikuteseka sana na baridi hii. Nilikuwa na hasira na bado ninayo, lakini sasa nimeipanga vizuri.

Umeniita mwongo. Nimekaa na neno hilo miezi mitatu.

Hattie ana masimulizi arobaini na moja. Yote yapo kwenye jalada, yamefungwa kwa uzi. Kuna la jogoo aliyemkosea heshima, kuna la mazishi ya paka, kuna moja kuhusu wewe ambalo sikuonyeshi. Ningeweza kumpata mkaguzi mwingine kesho. Kuna mama mmoja hapa bonde la pili ana cheti, anasaini majalada ya watoto kumi na wawili, na ni mpole. Simtaki. Nakutaka wewe ulisome, na nitakuambia kwa nini, maana tumeshafika hapa.

Nilikuwa na miaka tisa, darasani kwako. Uliomba utungo, "Mtu Ninayemjua". Niliandika kurasa mbili. Siku ya pili ulichukua chaki ukaandika sentensi zangu tatu ubaoni, zile zenye makosa, ukawaambia darasa zima wazirekebishe. Walinyoosha mikono kwa furaha, mtoto wa mwalimu kakosea! Ukanirudishia karatasi na alama. Nyumbani ukanipakulia viazi, basi.

Tangu siku hiyo nimekuandikia kadi za sikukuu, na habari za mvua, na mtoto kapata uzito gani. Sikukuandikia tena kitu cha kweli mpaka Septemba iliyopita. Watu wanasema Hattie kafanana na Dale. Mimi ninajua kafanana na nani, na hatapitia nilikopita. Usiposaini usisaini. Nitasimama mbele ya ofisi ya elimu na jalada langu mkononi, na nitawasomea yote arobaini na moja.

Mwanao,
Rhoda

---

Harlan Mills
24 Machi

Rhoda,

Nimeipata barua yako. Mimi mzima.

Walimu wenzangu walikuwa wanasema nitakupendelea. Mwalimu mkuu alinionya siku ya kwanza ulipoingia darasani kwangu. Nilikuwa nimeamua hakuna atakayelisema hilo, na hakuna aliyelisema. Hiyo ndiyo sababu. Sisemi ni sababu nzuri.

Alama nazikumbuka. Sitini na moja. Nimekaa hapa tangu asubuhi najaribu kukumbuka uliandika kuhusu nani.

Mlete mtoto tarehe kumi na mbili Juni, saa nne. Jalada liache kwenye gari mpaka nimalize naye. Nitakaa naye peke yangu, na wewe utakaa nje barazani, na usichungulie dirishani kwa sababu nakufahamu.

Mama yako

---

Harlan Mills
15 Juni

Mwanangu,

Natumaini mlifika salama na hamkukutana na ile mvua. Mimi sijambo, ila mkono unauma kwa kuandika na nitakueleza kwa nini. Nilikuona ukichungulia dirishani. Mara tatu.

Nilimwekea Hattie karatasi na penseli mezani nikamwambia, andika jambo lolote ulilofanya wiki hii. Aliitazama penseli kama mtu aliyeletewa chakula asichokula. Dakika kumi. Nilimwambia, "Mwanafunzi wangu hajawahi kunikalia hivi." Akaniambia, "Mimi si mwanafunzi wako, Bibi, mimi ni mjukuu wako." Ulimi huo kautoa wapi? Usinijibu.

Nikasema haya, nisimulie, mimi nitaandika. Nilitaka kukukamata, Rhoda. Nilijua bila wewe hatatoa kitu cha maana, na mimi nitakuwa nimeshinda. Nakiri.

Akaanza na habari za ndama aliyezaliwa kinyume, miguu ya nyuma mbele, Dale amelala kifudifudi kwenye tope anavuta. Nikawa naandika mbio. Alipofika katikati akasema, "Nisomee." Nikamsomea. Akasema, "Bibi, sikusema ndama alikuwa mzuri. Nimesema alikuwa amelowa. Futa." Nikafuta. Akaendelea. "Nisomee." Nikamsomea. "Sikusema baba alifurahi. Nimesema alikaa chini. Hayo ni maneno yako." Miaka thelathini na minane, Rhoda, hakuna mtoto aliyewahi kunisahihisha, na huyu alikuwa hanionei. Kila mara alikuwa sahihi. Nilikuwa natia utamu pasipotakiwa, na yeye alilisikia kila neno lisilo lake.

Mara ya nne alininyang'anya penseli mkononi. "Lete, Bibi, unaniharibia." Akaandika mwisho mwenyewe, mistari sita. Herufi kubwa ziko zinakotaka, tahajia ni aibu ya ukoo. Sikugusa chochote. Inasema ndama alisimama, akaanguka, akasimama, na baba akasema hatutampa jina mpaka kesho, ila yeye alikuwa ameshampa kimoyomoyo.

Halafu akaenda kula pai, nami nikabaki pale. Nilikuwa nimekosea kukuita mwongo. Nisamehe.

Jalada mliloniachia nimelipitia, na saini nimetia. Karatasi ya ofisi imo humu, ipeleke kabla mwezi haujaisha. Nimeandika kwamba mtoto huyu anajua analotaka kusema na hamruhusu mtu kumsemea, na kwamba mwenye shaka aje Harlan Mills aniulize mimi. Tahajia bado nitapigania. Usidhani nimelegea.

Nina swali moja, na unaweza kunikatalia. Utungo wako ule. Ulikuwa unasema nini?

Mama

---

Tunkery
21 Juni

Mama,

Shikamoo. Karatasi nimeipeleka leo asubuhi. Karani wa ofisi alisoma uliyoandika, akanitazama, akayasoma tena, akagonga muhuri. Hattie anakaa nyumbani. Nimelia ndani ya gari kama mjinga, Hattie akanipa kitambaa chake chenye harufu ya kuku.

Nimekusamehe kwa lile neno. Kwa ile siku ya ubaoni bado, usiniharakishe. Na mwaka ujao pia sitafundishia kitabu cha bluu, kwa hiyo usijaribu kukipenyeza kwenye mitungi ya pichi. Tahajia njoo uifundishe mwenyewe, Jumatatu, lakini kwa maneno yake aliyoyasema. Akikufukuza, mimi simo.

Umeniuliza, nitakujibu. Niliandika kuhusu wewe.

Ni mwaka ule Baba alipolazwa. Ulikuwa ukirudi kutoka hospitali unaingiza gari bandani, unazima injini, unabaki humo. Sisi nyumbani tulidhani unapanga vitu. Siku moja nilikuja kukuambia chakula kiko tayari, nikakusikia unalia. Nikasimama nyuma ya mlango. Nilikuwa nimekuletea koti kwa sababu kulikuwa na baridi, na sikujua kama watoto wanaruhusiwa kuingia mtu mzima akilia. Nikasimama mpaka uliponyamaza, kisha nikakimbia ili usinikute.

Nikaandika yote hayo. Sentensi ya mwisho nilisema kesho yake nitaingia. Nilidhani ukisoma utaacha mlango wazi.

Nilikuja na kesho yake, Mama, mlango umefungwa. Nilikuja wiki nzima.

Mwanao,
Rhoda