Nilivyomsalimia Chura Ubelgiji

Jumapili, mwezi wa kumi. Bukavu.

Mvua inanyesha tangu tulipotoka misa, ile mvua ya kwetu isiyo na haraka, na kutoka dirishani ziwa halionekani kabisa. Nimevaa sweta ya marehemu mke wangu kwa sababu yangu haijakauka. Mikono yake inaishia karibu na kiwiko. Sijali. Leo nina furaha, na niandike wazi hivyo hivyo.

Leo nimefanywa mshauri.

Mimi, mpiga mashini ya kuandikia wa ofisi ya parokia, mtu wa shule ya msingi na miezi sita ya kujifunza kupiga mashini, leo nimewekwa kwenye kiti kizuri ili niulizwe. Maman Cibalonza, jirani yetu hapa Nguba, anasafiri Jumatano kwenda kwa mwanawe Ubelgiji. Ana miaka sitini na kidogo, na hajawahi kupanda ndege. Alikuja na daftari na kalamu.

"Papa Bahati, weye ulifika kule. Uniambie yote, nisiende kupata haya."

Nikamwambia ninayoyajua. Anwani ya mwanawe aiandike mara tatu: moja mkobani, moja mfukoni, moja aishonee kwenye kitenge, maana mkoba unaweza kupotea lakini kitenge kiko mwilini. Ndege ikianza kushuka na masikio yakaziba, ameze mate, asidhani anakufa kama nilivyodhani mimi tulipokaribia Kinshasa. Sambaza kavu, vile visamaki vya ziwa letu, azifunge mara nne na kuziweka katikati ya sanduku. Zangu nilizifunga mara moja tu, na mashati yangu yote yalifika Ulaya yakinuka samaki. Kwenye ngazi zinazotembea zenyewe atangulize mguu mmoja bila kuwaza sana. Ukiwaza, watu wanajaa nyuma yako.

Shemeji yangu Mushagalusa, ndugu ya marehemu, alikuwa pale akinywa chai. Zamani alikaa Ulaya miezi sita kwa mafunzo ya kazi, na tangu siku hizo kila anayesafiri mtaani hupitia kwake kwanza. Akaweka kikombe chini.

"Maman, hiyo yote ni kidogo. Kubwa iko hii: kule Bulaya batu habasalimiane. Ukiingia mu tramu, nyamaza. Ukikutana na mutu ku ngazi, nyamaza. Bakikuona unasalimia-salimia, batasema uko mushamba."

Maman Cibalonza akaandika neno moja kubwa: Nyamaza.

Nikamwomba alifute.

"Eh, Citoyen!" shemeji akasema, akiniita raia kama zamani zile na kunitazama kama nimemwaga chai yake. "Wiki tatu tu ulikaa kule, na sasa uko professeur?"

Basi nikawasimulia. Naandika hapa kama nilivyosimulia, pamoja na vitu viwili vitatu ambavyo mbele ya watu havikutoka.

Mke wangu alifariki mwaka jana, wakati wa kiangazi. Kutoka hapa Nguba hadi soko la Kadutu mtu anakwenda saa moja hivi kwa mguu. Yeye alikuwa akitumia mbili na nusu, kwa ajili ya salamu. Alijua goti la nani linauma, mbuzi ya nani imezaa, mtoto wa nani amerudia darasa. Mimi nilisimama kando nikiwa nimeshika kikapu, nikitikisa kichwa kwa kila mtu. Miaka thelathini na moja nilitikisa kichwa. Yeye alisalimia kwa ajili yetu wote wawili.

Binti yetu Bahati yuko Ubelgiji na mume wake, na mwaliko alioutuma ulikuwa wa watu wawili. Ulifika mama yake akiwa tayari hospitalini. Aliusoma, akaukunja, akanirudishia. "Weye uende," akaniambia. "Mutoto atujue."

Mtoto ni Sifa, binti ya Bahati, mwenye miaka sita. Amezaliwa kule, na sisi alitujua kwa picha tu.

Kwa hiyo nilipopanda ndege mwezi wa nane mwaka huu, kazi yangu ilikuwa hiyo moja. Nilikuwa na wiki tatu.

Na nilikuwa na shauri la shemeji la kunyamaza. Alikuwa akilirudia kwangu mpaka siku ya safari, na mimi ni mtu wa kusikia ninachoambiwa. Kwenye tramu nilitazama viatu vyangu. Kwenye ngazi za nyumba ya Bahati nilikutana kila asubuhi na mzee mmoja mwenye mbwa mdogo, nikatazama mbwa. Nikirudi ndani, kinywa kilikuwa kimezoea kufungwa. Nilikaa mezani na abacost yangu, suti yetu isiyovaliwa tai, nikasema ndiyo, hapana, asante.

Sifa alipita karibu na ukuta. Nikimtazama, anakwenda chumbani. Nilimpa kikapu kidogo nilichomletea kutoka nyumbani, akakipokea, akamwangalia mama yake, hakuniangalia mimi.

Siku ya nane Bahati alikaa karibu nami huku akimenya viazi. "Papa, Sifa ameniuliza kwa nini koko anakasirika. Anasema unamuogopesha."

Kwetu babu na bibi wote ni koko; huyo koko alikuwa mimi. Niliendelea kuangalia maganda ya viazi. Nilikuwa nimevuka nchi ngapi ili mtoto anijue, na alichojua ni kwamba nimekasirika.

Siku ya kumi Bahati alitupeleka kwenye bustani kubwa ya michezo. Wazungu wanatenga uwanja mzima, labda kama kutoka hapa hadi Nyalukemba, wanaujaza mashine za kuchezea tu: farasi wa mbao wanaozunguka, mitumbwi inayoteremka majini, na gari-moshi dogo linalopanda juu mpaka shingo inauma kulitazama, halafu linaachiliwa. Watu wazima wanapiga foleni ili waangushwe. Nilikuwa nimevaa abacost ya kijivu, nimefunga vifungo vyote, kama mtu aliyekuja kumpokea gavana.

Mkwe wangu alikuwa kazini siku hiyo. Bahati akaenda kununua frites, viazi vya kukaanga, akatuacha kwenye benchi, mimi upande huu, Sifa upande ule. Katikati yetu angeweza kukaa mtu mnene.

Ndipo chura akaja.

Alikuwa chura wa kijani, mrefu kama mlango, macho kama sahani mbili, mikono ya njano. Kazi yake ni kutembea kati ya watoto na kuwapungia mkono. Watoto wengine walimkimbilia, mvulana mmoja akampiga teke la mguu. Sifa alitoa sauti ndogo, akashuka benchi, na kabla sijaelewa kitu alikuwa nyuma yangu, ameshika abacost yangu kwa mikono miwili.

Siku kumi, na ndiyo mara ya kwanza alinigusa.

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka ataachilia. Chura akazidi kuja, akasimama mbele yetu, na kwa karibu nikaona shingoni pake wavu mweusi, na nyuma ya wavu uso wa mtu. Uso mwekundu, unaotoka jasho. Jua lilikuwa kali, na yule mtu alikuwa amefungwa ndani ya blanketi la chura.

Kwetu hupiti mbele ya mtu anayefanya kazi kama unapita mbele ya mti. Mimi mwenyewe sikuwahi kupita hivyo, angalau nilitikisa kichwa. Lakini pale hakukuwa na mtu wa kusalimia kwa ajili yangu. Kinywa changu kikafunguka chenyewe, tena kwa Swahili. Kifaransa kilinipotea chote.

"Jambo," nikasema. "Pole na kazi. Jua iko kali, eh?"

Nikampa mkono wa kuume, wa kushoto ukishika kiwiko, kama mtu anavyomsalimia mtu anayemheshimu.

Chura akasimama. Akatazama mkono wangu. Halafu polepole akatoa mkono wake wa njano, na wa pili akauweka kwenye kiwiko chake, sawasawa na mimi.

Watu walianza kucheka. Ningeweza kuishia pale. Lakini mke wangu hakuwahi kuacha salamu katikati, nami nikaenda nayo mpaka mwisho: habari ya nyumbani, habari ya watoto, habari ya wazazi, mumeamuka salama? Kwa kila swali chura akainamisha kichwa chake kikubwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nadhani hawaruhusiwi kusema. Mkono wangu hakuuachilia.

Nyuma ya mgongo wangu nikasikia sauti, kwa Kifaransa: "Koko, unaongea na nani?"

"Na huyu anayefanya kazi."

"Lakini ni chura."

"Ndani iko mutu. Angalia shingo yake."

Halafu kichwa kikatokea chini ya mkono wangu wa kushoto. Sifa aliangalia wavu muda mrefu. Mama yake humsemesha Swahili nyumbani naye hujibu kwa Kifaransa. Mimi nilikuwa sijasikia hata neno moja la Swahili kinywani mwake. Akatoa mkono, akashika kiwiko chake, akakosea akashika bega, akasahihisha.

"Jambo," akasema. "Pole na kazi."

Chura akapiga goti chini ili wawe urefu mmoja.

Bahati alirudi na frites, akatukuta hivyo. "Papa! Munafanya nini?"

"Tunasalimia," Sifa akamjibu.

Na hapo ndipo siku ilipoanza. Alinishika kidole akanivuta. Tukamsalimia mzee wa farasi wa mbao, akatuambia ana wajukuu wanne. Tukamsalimia maman wa barafu tamu. Tukamsalimia bibi mmoja kwenye foleni, naye akatusimulia goti lake toka mwanzo wa foleni hadi mwisho, pamoja na alichosema daktari. Sitadanganya, si wote walioitika. Bwana mmoja aligeuza uso. Mwingine alinitazama, akatazama abacost, akasema, "Hapana, asante, sinunui kitu." Sifa alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi.

Mwisho akataka lile gari-moshi la juu. Pembeni ya mlango kuna ubao wa kupima watoto. Akaipita alama kwa unene wa kidole. Lakini lazima apande na mtu mzima. Bahati akarudi nyuma hatua mbili. "Mi? Hapana kabisa. Pandeni nyinyi, benye kusalimia."

Nikapanda. Walitufunga chuma kifuani. Lilipanda taratibu, likasimama juu kabisa, nikaona mashamba yao yote yamepangwa kama meza. Kisha likaachiliwa.

Nilipiga kelele. Siku tulipomzika mke wangu nilisimama wima nikapokea wageni, nikawashukuru, nikahesabu viti vya kurudisha kanisani. Sauti haikutoka. Pale juu ilitoka yote, ndefu, kutoka tumboni, na Sifa kando yangu alipiga yake mpaka tukashuka.

"Encore," akasema.

Tukapanda tena. Mara tatu, mimi, kwa umri huu.

Kwenye gari tukirudi alikaa karibu nami, akauliza kama koko mwanamuke naye alisalimia watu. Nikaanza na njia ya Kadutu. Tulifika nyumbani nikiwa bado sijamfikisha sokoni, akaniambia nimalizie kesho. Nilimalizia kesho, na keshokutwa. Siku zilizobaki kumi na moja hazikutosha. Asubuhi tulishuka ngazi pamoja na kumsalimia mzee mwenye mbwa. Tukajua kwamba mbwa ana miaka kumi na minne na haoni jicho moja.

Nilipofika hapo katika kusimulia, shemeji alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Nilidhani anacheka. Alikuwa anacheka, lakini alijifuta pia macho. Marehemu alikuwa dada yake mkubwa.

"Chura!" akasema. "Ulimuuliza chura habari ya wazazi!"

Maman Cibalonza hakucheka. Alikuwa ameshafuta neno lake, lakini kalamu ilikuwa bado hewani. "Na basipoitika, Papa Bahati?"

"Basi weye utakuwa umesalimia."

Akaliandika hilo. Akafunga daftari, akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akampa shemeji mkono kwa adabu zote. "Jambo, Papa. Habari ya tramu?" Tulicheka wote watatu mpaka majirani wakachungulia.

Wamekwenda sasa. Mvua bado. Nilichokuwa sijawaambia ni barua ya Bahati iliyofika juzi. Shule zimefunguliwa kule, na mwalimu wa Sifa amemwita mama yake. Anasema mtoto ana akili na adabu, lakini kila asubuhi anasimama mlangoni mwa darasa, anashika kiwiko, na hamwachii mtu apite mpaka amemuuliza habari ya nyumbani, ya wazazi, na kama ameamka salama. Masomo yanachelewa kuanza. Mwalimu mwenyewe husimamishwa. Bahati anauliza: Papa, nifanye nini na huyu mutoto?

Nimeisoma barua hii mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Kesho nikifika ofisini, kabla ya kugusa karatasi ya parokia, nitaweka yangu mashinini na kumjibu binti yangu kwa herufi kubwa: MUACHE.