Asante Niliyoisema Asubuhi

Baba Leandro,

Mchuzi wa dengu uko jikoni, upashe moto. Mbwa hajala. Trekta na pampu nimechukua mimi, usiende kumsumbua jirani ukidhani ameviazima.

Ndiyo, nimekwenda kuyapulizia matufaha kalsiamu. Cheka tena. Asubuhi ulimwambia kaka yako, "Shemeji yako siku hizi ananyonyesha miti!" Mkacheka mpaka chai ya yerba ikawapalia.

Mwaka jana matufaha yetu yaliingia chumba cha baridi yanang'aa, yakatoka na madoa ya kahawia, machungu kama shubiri. Ukalaumu chumba. Wewe ulipulizia majani ya juu ukaenda kulala, na kalsiamu ikiwa kwenye jani haihamii kwenye tunda. Tunda lenyewe lazima lilowe, hata yale yaliyojificha ndani. Tena kabla jua halijawa kali, majani yasije yakaungua. Ndiyo maana sikukungoja.

~~Nitarudi mchana nikupikie.~~ Nitarudi nikimaliza. Kuku mtoe kwenye friji mwenyewe.

Halafu ile "asante" yangu. Uliponipa kibuyu cha yerba nilipiga funda moja, nikashukuru. Kaka yako akasema eti nina adabu. Lakini nyote wawili mmezaliwa hapa hapa bondeni, mnajua anayeshukuru hajaziwi kibuyu tena: asante ni kusema basi, sinywi tena na nyinyi.

Ukitaka nikae tena kunywa na nyinyi, niletee kibuyu huku shambani kwa mkono wako, na kaka yako akiwepo.

Mimi,
Mama Leandro, na mama wa miti