Mume Wangu Anaongea na Ng'ombe Tu

"Mtu asiyeweza kumaliza sentensi bila kusema 'unajua' hana anachokijua." Ndivyo Bwana Ignatius Crowley, mwenyekiti wa Chama cha Wasemaji kinachokutana hotelini, alivyoliandikia gazeti hili wiki iliyopita. Nasikia barua yake imekatwa na kubandikwa ukutani katika duka zaidi ya moja hapa mjini Bantry, Ayalandi. Nilikuwa nimekwisha kunoa kalamu nimjibu, ndipo ikaja barua hii. Majina ya watu wa nyumba hiyo nimeyabadilisha. Mengine yote ni ya mwandishi.

*

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana sina wa kumwambia, dada yangu atacheka na padri atanipa rozari. Mimi ni mke wa mfugaji huku vilimani juu ya ghuba, mume wangu Fachtna ni mtu mwema, hanywi kupita kiasi, lakini tangu nimjue Kiingereza chake kimejaa "yaani" na "unajua" na lile la mwisho, "si unajua mwenyewe," ambalo watu wa kwao hufungia habari kama mtu anavyofunga lango, na mimi nilikuwa hata silisikii mpaka nilipojiunga na Chama cha Wasemaji, kwa sababu kule kuna mtu anayekaa na kengele, kila msemaji akitoa neno la kujazia anagongewa, na kazi hiyo nikapewa mimi, na nilikuwa hodari, sikio likawa kali hata kwenye misa nikawa namsikia padri na vidole vinaniwasha.

Nikayaleta mambo hayo nyumbani. Kengele sikuileta, nilitumia kijiko. Asubuhi moja Fachtna kakaa mezani anapaka mkate siagi, akasema, "Yule ndama mwekundu, unajua, yaani, jana..." nikagonga kikombe, ting.

"Nini tena?"

"Umesema 'unajua.'"

"Kwani hujui?"

Tukacheka, mshauri, siku hiyo tulicheka kweli. Lakini kesho yake nikagonga, na keshokutwa, na yeye akawa anaanza neno anatazama kijiko, anaanza anatazama, mwishowe akawa anasema "Mvua inanyesha" na "Chai," sentensi safi kabisa, na mimi mjinga nikajisifu chamani kwamba nimemponya. Sasa hata hayo hasemi mpaka aulizwe. Binti yetu Riona alinipigia simu akilia, "Mama, umemfanya nini baba? Ananijibu kama wale wanaosoma matangazo ya vifo redioni!" Na Riona anaolewa mwezi ujao, na baba wa bibi harusi ndiye husimama kusema, lakini nilipomwuliza Fachtna atasema nini alijibu, "Padri ataongea. Anatosha," akavaa buti akatoka.

Nyumba imekuwa kimya, nikianika nguo njiwa wa porini wakilia naona wanasema "unajua, unajua," na nimeota ukungu wa ghuba umeingia jikoni nikawa naukata kwa kisu kama mkate, nampa Fachtna, anakula, hasemi kitu.

Halafu juzi alfajiri nilimpelekea koti zizini, ukungu mzito hata mlango siuoni, nikamsikia anaongea. Anaongea na ng'ombe wetu mzee, Drimin. Anasema, "Unajua, bibi, ile theluji ya mwaka ule, yaani, barabara imefungwa, na Riona, unajua, kazaliwa kabla ya siku zake, mdogo, yaani, nimemtia ndani ya koti hapa, simsikii kupumua, na mama yake akaniangalia, yaani... si unajua mwenyewe." Ng'ombe anatafuna. Mimi nikasimama pale nimekumbatia koti, mshauri, nikamwonea wivu ng'ombe. Kokoto ikalia chini ya mguu wangu, akanyamaza hapo hapo.

Mwenyekiti amemwandikia Fachtna hotuba ya kusoma, safi kama glasi iliyofutwa. Nimpe? Au nimwache akae kimya mbele ya watu? Au nimwambie nilisikia? Hofu ya kusomwa naye sina, katika gazeti lenu yeye husoma bei za ndama tu.

Ni mimi, Mwenye Kijiko.

*

Mama Kijiko, nimekusoma chai yangu ikapoa. Kwanza nikugombeze, umestahili. Nani alikutuma umpimie mumeo maneno kwenye meza yake mwenyewe? Anayekwenda hotelini kugongewa kengele amekwenda kwa hiari yake. Fachtna hakujiandikisha popote. Alikuwa anakula mkate.

Sasa huyo aliyekufundisha. Bwana Crowley, barua yako ina "kimsingi" katika kila aya, na "kwa hakika" kila mahali ambapo huna uhakika. Hayo nayo ni maneno ya kujazia, ila yamevaa tai. Sikatai kwamba ziko "unajua" za uvivu na za ujanja: diwani akiulizwa kuhusu mashimo ya barabarani huzitoa moja baada ya nyingine mpaka aliyeuliza azeeke. Huyo mgongeeni hata ndoo. Lakini mtu anayesema "unajua" huku amekutazama usoni anakushika mkono ili mvuke pamoja mahali penye utelezi. Ukiugonga mkono huo kwa kijiko, ataurudisha mfukoni. Nani asingeurudisha?

Hebu rudi pale mlangoni pa zizi, mama, usikilize tena. Maneno yalimwishia wapi? Barabara iliyofungwa haikumshinda, wala theluji. Yalimwishia pale ulipomwangalia. Unayo wewe sentensi safi ya kupita hapo? Mwenyekiti anayo? Mimi ninayeishi kwa kalamu sina. Fachtna anayo moja, "si unajua mwenyewe," nayo inatosha, mradi imfikie mwenyewe. Drimin hakuwamo katika theluji ile. Uliyekuwamo ni wewe. Mumeo amebeba maneno yako akampelekea ng'ombe kwa sababu ng'ombe hana kijiko.

Kwa hiyo ile hotuba irudishe hotelini leo, bila kuifungua. Kesho alfajiri beba vikombe viwili, sukari uwe umekwisha kuikoroga jikoni. Ingia zizini, geuza ndoo, ukae. Usimwombe msamaha mrefu wenye utangulizi na hitimisho. Hapo si chamani. Mwambie, "Fachtna, juzi nilikuwa mlangoni. Nilisikia. Yaani, unajua..." kisha uache. Usiimalizie. Najua itakuwasha, lakini mwachie yeye. Asiposema kitu, kunywa chai yako, urudi asubuhi inayofuata. Ya harusi usiyataje hata kidogo mpaka ayataje yeye, naye atayataja: mtu hamsimulii ng'ombe kuzaliwa kwa bintiye majuma machache kabla ya harusi kwa kupitisha muda.

Na ninyi mlioalikwa harusini mwezi ujao. Harusi ni nyingi, sisemi ni ipi. Baba wa bibi harusi atasimama, atashika ukingo wa meza, atamtazama binti yake, na maneno yatamwishia. Akisema "si unajua mwenyewe" akanyamaza, msiinamie sahani zenu, wala mtu asiguse kijiko. Bwana Crowley, wewe mwenye sauti iliyofunzwa, uanze. Wengine wote mfuateni, ukumbi mzima, kwa sauti: "Tunajua."