Gauni la Kola ya Lesi

Mama mkwe wangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Mdogo anaota meno, halali wala halazi mtu. Nashukuru unavyonilelea kaka yake huko kwako.

Nimepata kazi ya kupiga picha za harusi. Juzi maharusi walitaka wageni wavae mavazi ya enzi za mabibi, na kila mume na mke wapigwe picha kizamani: mume akae, mke asimame amemwekea mkono begani, bila kucheka. Akaja kukaa mwanao, ambaye uliniambia yuko safari ya kikazi. Nyuma yake akasimama mwanamke mwingine.

"Dada, tupange vizuri," akasema yule mwanamke. "Huyu bwana wangu mgumu kama gogo."

Nikaushika mkono wake, nikauweka begani kwa mume wangu. Naye akasema, "Piga tu, dada, tuna njaa."

Ameniita dada, Mama! Nikapiga, na picha imetoka safi. Ndipo nikalitambua gauni alilovaa: lako la harusi, lile la kola ya lesi, ambalo nilipoliomba kwa harusi yangu ulisema limeliwa na mende. Limempendeza. Hata kiuno umempunguzia.

Sikugombezi. Ulimficha mwanao kwa sababu ni mwanao, na mimi pia ni mzazi. Kaka yangu atafika hapo Jumamosi asubuhi. Tafadhali mkabidhi kadi ya chanjo, viatu vya shule, sweta la kijani, na mwanangu.

Mama yao