Mama, Nimenunua Gita Isiyobebeka Kichwani

Mama Bahati, mama yangu,

Nimenunua gita. Nakwambia mwenyewe kabla mama mdogo Mapendo hajakufikishia, maana dada yako huyo bado anakuombea kila asubuhi, na siku hizi sala zake zimejaa mashtaka. Atakwambia nimevunja kiapo. Ni kweli, nimekivunja. Nimeona heri uyasikie kutoka kwangu, na ujue tangu mwanzo kwamba sijaja kuomba msamaha.

Unakumbuka Jumamosi zetu hapa Goma? Watoto wa jirani walikuwa wakisukwa nywele, sisi tulikuwa tunafanya mazoezi ya kukimbia. Kila mtu ulikuwa umempa mzigo wake: kaka Bahati bidoni la maji na jembe, mimi sufuria yenye chumvi na viberiti ndani, wewe godoro na mfuko wa nguo. Ukipiga makofi tunabeba, tunazunguka kiwanja, na wewe nyuma unaangalia nani anayumba. Kitu kilichotushinda kubeba hakikulala tena nyumbani kwetu. Ulikigawa au ulikiuza. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mama Bahati anahama tena?" Nawe unajibu bila kugeuka, "Muache bacheke. Siku yenyewe batatoka mikono mitupu."

Na siku mlima ulipotema moto, walitoka mikono mitupu kweli, wengine na kiatu kimoja. Sisi tulikuwa tumeshafika mbali na chumvi yetu. Sitakunyima haki yako, mama. Amri yako ilitulinda, na mimi niliyekuwa naona haya mbele ya wenzangu nilikula ugali wenye chumvi siku ile wakati wao wanaazima.

Amri ile tulijua ilipotoka, ingawa hukuisimulia zaidi ya mara moja. Ilitoka Masisi, siku tulipokimbia vita. Tulikuwa tumeshateremka kilima, papa amembeba Bahati mabegani, mimi nimefungwa mgongoni mwako, na wewe ukalia kwa ajili ya cherehani yako. Ile yenye miguu ya chuma, uliyokuwa ukiikanyaga huku unaimba, wimbo ukienda na mguu. Hukumwomba papa arudi. Aliona machozi yako tu, akamteremsha Bahati chini, akasema, "Mutangulie. Niko nakuja." Tulimngoja kule Sake. Watu waliotoka nyuma yetu ndio waliotuambia kwamba alipigwa risasi mlangoni kwetu.

Tangu hapo hukushona tena. Sikukusikia ukiimba wimbo mzima pia, isipokuwa kanisani, na hata kule uliimba kwa sauti ya mtu asiyetaka kujulikana yupo. Nyumbani tulikuwa na viti vya plastiki na nguo mifukoni. Ukuta wetu haukuwahi kupigwa msumari. Bahati alipoanza kazi alitaka kukutengenezea kitanda cha libuyu, mbao nyekundu ile inayotoka msitu wa Beni kwa malori, ambayo kila fundi wa hapa anafanyia milango na makabati. Ulimkatalia mpaka akaumia. "Ile yenye hauwezi kubeba ku kichwa, haiko ya kwako," ukamwambia. Ukaendelea kulala chini.

Halafu ukaugua, na pale hospitali ukanishika mkono. "Niapie," ukasema. "Kitu chenye mutu anaweza kurudilia, usinunue. Hata kama uko na makuta ya kulipa. Niapie." Nikakuapia. Nani anabishana na mama aliyelala kitanda kile? Mama mdogo alikuwa amesimama miguuni pako, akasema amina, ndiyo maana leo anajiona shahidi.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Gita yangu ya zamani unaijua. Ya triplex mwili mzima, zile mbao nyembamba za kugandishwa, nyepesi kama kikapu, na kwa sababu hiyo uliiruhusu ikae nyumbani. Uliiita debe. Nimeipiga kwaya, nimeipiga harusi za watu, nimewafundishia watoto wa parokia, mpaka shingo yake ikapinda na nyuzi zikainuka juu hata vidole vikawa vinatoka damu. Zamu yangu ya likelemba, ule mchezo wetu wa kuchangiana pesa, ilipofika, akina mama wenzangu waliuliza nitanunua nini, kiwanja au pikipiki ya biashara. Nikasema gita, gita ya mbao kweli. Mmoja akanipa pole, kama nimetangaza msiba.

Nikaenda Birere kwa Papa Deo, yule mzee aliyepiga besi katika bendi za ujana wake na sasa anawaletea wanamuziki vyombo kutoka Kampala. Chumba chake kiko juu ya duka la vitenge. Mama mdogo alinifuata, kunichunga. Papa Deo hana haraka na mtu, lakini ana sheria moja: unanawa mikono kwanza, kwa jagi na beseni, kama vile mnakwenda kula. Mama mdogo naye alinawa, ingawa hakuwa na nia ya kugusa kitu. Gita zilikuwa tatu, zimelazwa juu ya blanketi.

Ya kwanza uso wake ulikuwa wa mti wa sedri, mgongo na mbavu za mbao ya akaju. Nikaipapasa kidogo tu, ikaitika. Sedri haingoji uipige, inakuja kukupokea mlangoni. Akaju nayo ina sauti kavu, yenye joto, inasema neno lake na kunyamaza. Niliipenda mara moja. Kisha nikaipiga kwa nguvu, jinsi tunavyopiga Jumapili ya Pasaka na ngoma zinanguruma nyuma, na pale ikachoka. Sauti ikajibana, haikwenda tena mbele hata nikiongeza mkono.

Ya pili ilikuwa ya mbao ya palisandre, nyeusi yenye mistari, na uso wa episea, ule mti mweupe wa nchi za baridi. Episea mwanzoni ni mgumu kidogo, kama mgeni ambaye hajaketi vizuri, lakini ukiongeza nguvu naye anaongeza, humfikii mwisho. Na palisandre ndiyo mfalme, kila mwanamuziki wa hapa atakwambia. Nyuzi nene zinatoka chini kabisa, sauti inabaki hewani mpaka unaanza kumwangalia mtu mwingine nayo bado ipo. Papa Deo alifumba macho. "Hii," akasema, "bakubwa bote banapenda hii. Ukinunua hii, hakuna mutu atakuuliza kitu."

"Iko nzito?" mama mdogo akauliza.

"Mama, gita hatupimi ku kilo."

"Sisi tunapima."

Ya tatu uso wake ulikuwa episea vilevile, ila mgongo na mbavu zilikuwa nyekundu, na wekundu ule nikawa naufahamu bila kujua ni wa wapi. Nikaigonga mgongoni kwa kidole. Ikaitika kama mlango wa nyumba ya mtu unayemfahamu. Nikamwuliza Papa Deo ni mbao gani.

"Kwa bazungu iko sapelli. Kwetu njo libuyu," akasema, akicheka. "Ilitoka hapa mbao, ikaenda kutembea, ikarudi gita."

Mama mdogo hakucheka. "Libuyu? Njo ile tulimuzikia dada yangu," akasema, na akateremka ngazi.

Nikabaki na gita magotini. Nilikuwa nimesahau, mama, au nilijifanya nimesahau. Bahati, uliyemnyima kitanda, alikwenda kwa fundi akakufanyia jeneza la libuyu, lililopigwa msasa mpaka likang'aa. Hicho ndicho kitu cha kwanza cha mbao nzuri ulichowahi kumiliki. Ulikataa kulala juu yake ukiwa hai, ukalala ndani yake. Na nilikasirika, nakwambia wazi. Nilikasirika pale kwa Papa Deo kuliko siku ya mazishi yenyewe. Nikamwambia nitarudi kesho.

Sikutaka hasira ichague gita. Kesho yake nikarudi peke yangu, nikanawa mikono, na nikaanza na palisandre, nikaipa nafasi yote. Lakini mimi napiga kwa vidole viwili, gumba linatembea chini na kidole cha pili kinachekacheka juu, namna ya wazee wetu. Ukipiga hivyo kwa haraka, palisandre inakumbuka mno. Noti ya kwanza haijaondoka, ya tatu imeshafika, zinakanyagana mlangoni. Nikachukua libuyu. Kila noti ikatoka safi, ikasimama, ikampisha mwenzake. Sauti ya katikati, pale anapoimba mwanamke, ilikuwa imejaa. Nikapiga ule wimbo wako wa cherehani, ninaoujua kwa vipande tu, vile ulivyokuwa unakuponyoka jikoni. Libuyu haikuufanya uwe mzuri kuliko ulivyo. Iliusema wote.

Papa Deo aliniacha nipige mpaka nichoke. "Watu batasema umenunua mlango," akanionya.

"Baseme," nikamjibu. "Ni mlango wangu."

Nikaibeba mpaka nyumbani ndani ya kasha lake gumu, nene, lenye vyuma. Kichwani haikai. Nimejaribu, mama, usidhani sikujaribu. Niliweka kata, nikanyanyuka, ikaniangukia begani. Mama mdogo alikuwa amekaa nje anachambua sombe, majani ya muhogo. Alitazama jambo lile lote, akaniuliza swali lako, kwa sauti yako hasa:

"Utakimbia nayo namna gani?"

"Sitakimbia nayo."

"Basi siku ile sitakungoja. Uliapia marehemu." Akarudi kwenye sombe yake. Hajaniambia maneno mengi tangu hapo, ila anapika na kunibakizia chakula, na chakula chake hakijapungua chumvi.

Nikaazima nyundo. Nilipiga msumari ukutani, ule ukuta wako ulioutunza bila jeraha, na nikaitundika gita pale. Plasta ilidondoka kidogo. Ikatundikika.

Najua ninavyoonekana. Mji huu sasa hivi watu hawanunui kitu cha kukaa. Vita vimesogea tena, kila mtu anasikiliza njia, nani ametoka wapi, nani amepita Sake na mizigo. Kule Kituku ukienda kununua samaki wa sambaza, wenye mitumbwi wanaulizana habari kabla ya bei. Hata watoto ninaowafundisha wanajua mzigo wao ni upi. Katika mji huo binti yako amepiga msumari. Wengine wananiona nimerogwa. Mwache anione hivyo anayetaka.

Lakini kuna neno ambalo sikuthubutu kukwambia ukiwa hai, na mama mdogo akitaka alipeleke kwenye sala yake neno kwa neno. Papa hakuuawa na cherehani. Cherehani haikushika bunduki. Papa aliuawa na watu, wenye macho na vidole, waliomkuta mtu mlangoni kwake anachukua kitu cha mke wake. Wewe ukaichukua hatia yao ukaipandisha juu ya chuma cha kushonea, kisha juu ya kitanda, juu ya kabati, juu ya msumari, juu ya wimbo wako mwenyewe. Miaka yote tumekuwa tunaadhibu vitu. Wale watu hawakuadhibiwa hata na neno moja nyumbani kwetu. Ninaelewa kwa nini, mama. Vitu ulikuwa unaviweza. Lakini hukufanya kosa ulipoipenda cherehani ile, na papa hakukosa alipokupenda wewe, na sitaishi tena kama vile kupenda ndiko kulikomwua.

Nakulilia ninapoandika haya, na bado nina hasira, na yote mawili yanatosha ndani yangu bila kusukumana. Natamani ungekuja ukae pale penye kiti cha plastiki nikupigie. Ungesema bado inalia kama debe, najua. Kisha mguu wako ungeanza kukanyaga.

Kiapo chako nimekigawa. Nusu nimeivunja na nusu nimeishika. Siku ikifika, kama itafika, nitamshika mama mdogo mkono, hata kama amesema hataningoja, na tutatoka. Gita itabaki ukutani. Sitairudilia, wala sitamruhusu mtu yeyote anayenipenda airudilie. Hiyo nakuapia upya, na safari hii ni kwa hiari yangu. Lakini nitailia. Nitailia njia nzima, mchana kweupe, mbele za watu, na atakayeniuliza ninalia nini nitamjibu bila aibu kwamba nilikuwa na gita ya libuyu, nzuri sana, na kwamba nimenyang'anywa.

Lala salama, mama. Mimi niko nyumbani.

Binti yako