Marisau Uliyotuachia Sandukuni

Mpendwa baba,

Ndugu zetu wa Singida wanaoishi Dubai wamekusanyika leo hapa mtaa wa Karama kutimiza mwaka mmoja tangu ututoke. Wameniomba nikuzungumzie. Nimeona heri nizungumze nawe, nao wasikie.

Unazikumbuka Jumamosi ulizorudi na kanga wawili wakining'inia mkandani? Mama aliwachemsha mpaka jioni, nasi tulikula kwa hadhari, tukiwinda kwa meno vile vichembe vya marisau, risasi ndogondogo za bunduki, vilivyobaki nyamani. Aliyeng'ata kimoja ndiye aliyebeba mkoba wako safari iliyofuata. Siku moja niliweka changu shavuni mpaka kanisani, nikikinyonya kama pipi. Ulicheka ukamwambia mama, "Huyu ana meno ya mwindaji."

Hukujua, baba. Nami nisingejua, kama maisha yasingenileta kwenye kaunta ya duka la vifaa vya uwindaji. Wateja huja na vijana wao wanaojiandaa kwenda kuwinda ndege nchi za nje, nami huwafundisha bila kusita: madini ya risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto, na vumbi lake hujificha ndani ya nyama, jicho lisilione. Anayeanza achukue marisau ya chuma, makubwa kidogo kuliko aliyozoea baba yake kwa kuwa chuma ni chepesi, na ampige ndege kwa karibu. Baruti iwe kidogo, bunduki isimsukume bega akaanza kuiogopa. Mzee mmoja alinikabidhi mwanawe akasema, "Mchagulie kama ungemchagulia wako." Nikachagua kwa makini.

Siku ileile kaka alinipigia simu. Yona wangu, mjukuu wako, amemaliza kidato cha sita, na kaka amepata kibali cha kwenda naye porini. Bunduki ni yako. Risasi ni zako, zile za madini ya risasi ulizoacha sandukuni. Nilimsihi atafute za chuma. Akanikumbusha jambo ambalo mimi ndiye niliyepaswa kumwambia: mtutu wako ni wa zamani na mdomo wake umebanwa, chuma kingeuharibu na huenda kikamwumiza mpigaji. Yapo marisau ya bismuthi, madini laini yasiyo na sumu ile, ambayo mtutu wako ungeyapokea. Ninayo rafuni, nyuma ya mgongo wangu. Kaka ameyatafuta nyumbani hakuyapata, nami siruhusiwi kuyatuma wala kuyatia kwenye begi. Nikaomba wasubiri.

Kaka akauliza, "Dada, nimwambie kijana kwamba babu yake alitulisha sumu?"

Nimezoea kujibu maswali ya wateja kwa lugha tatu. Kwa hilo nilirudia tu, "Subirini." Nilimfikiria mdogo wetu wa mwisho, aliyechelewa kusema na kuhesabu, ambaye mama alimpondea nyama ya kanga tangu hajaota meno. Huenda mambo hayo hayahusiani. Sina wa kumwuliza, na hata ningekuwa naye, sijui kama ningethubutu.

Hawakusubiri. Jumamosi iliyopita Yona alinipigia kwa video. Nyuma yake nilimwona mama, bibi yake, akikusanya sahani.

"Mama, nimempata mmoja. Mjomba anasema nina mkono wa babu."

Nilimwambia hongera, mwanangu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine, nimeyapanga vizuri kama ninavyoyapanga kazini, lakini sijawahi kumwona na furaha kama ile. Nikauliza tu kama wamekwisha kula.

"Tumekula wote. Wewe nimekuwekea paja kwenye friza, mpaka uje likizo."

Nikamshukuru.

Ningeweza kukulaumu, baba, ingekuwa nafuu. Lakini ulitupa kilicho bora kati ya vyote ulivyokuwa navyo, na mwanangu amefanya vivyo hivyo kwangu. Likizo yangu ni mwezi ujao. Atakaa mbele yangu aniangalie nikila, na mpaka ninapoisoma barua hii mbele ya watu hawa, sijui nitafanya nini.

Pumzika palipo na utulivu.

Binti yako