Gari la Halmashauri

Bariadi, Jumatano usiku

Tena nimepelekwa Nkololo na gari la halmashauri ileile ninayoikagua. Gari lao, mafuta yao, dereva wao. Halafu naitwa mkaguzi huru.

Josho lililojengwa kwa ushuru wa wanunuzi binafsi wa pamba lina ufa, halishiki maji. Nikamuuliza mfugaji mmoja kama limewahi kuogesha ng'ombe. Akalitazama gari, akamtazama dereva.

"Linafanya kazi vizuri, mama."

Ng'ombe wake walikuwa wamejaa kupe mpaka masikioni.

Nimeomba usafiri wa ofisi yetu mpaka nimechoka. Kesho nakodi baiskeli nirudi Nkololo peke yangu, magoti yakiuma na yaume. Ila sijui kama yule mfugaji ataniamini, maana tulipoagana aliniambia, "Nisalimie bosi wako, mkurugenzi wa halmashauri."

Eti bosi wangu.